Bustani Chini ya Dirisha la Prisca

Tulinagwe aliletwa Bujonde akiwa na miaka kumi na tisa, mke wa Ambilikile, mkulima wa kakao. Alitoka Ngana, na kabla ya kuolewa alikuwa amefanya usafi kwenye nyumba ya wageni ya misheni huko ufukweni mwa ziwa. Mtunza bustani wa pale alimfundisha kukata tawi la waridi na kulipandikiza. Siku ya kuolewa alikuja na beseni kichwani, na mama mkwe alipolifunua akitegemea kuona vyombo, alikuta vijiti vimefungwa kwa kitambaa kibichi.

"Hivi vinaliwa?" aliuliza yule mama.

"Haviliwi, mama. Ni maua."

Mama mkwe aliwageukia wanawake wenzake. "Mwanangu ameniletea kuni mbichi," alisema, na wote wakacheka.

Ambilikile hakucheka. Alimgawia mkewe kipande cha ardhi mbele ya nyumba, mahali ambapo mtu mwingine angeweka migomba, akakizungushia uzio wa mianzi kuku wasiingie. Tulinagwe alizaa mara tatu, na hakuna mtoto aliyefikisha wiki mbili. Bustani ikakua. Palikuwa na waridi, asumini, na yale maua mekundu yenye majani mapana kama ya mgomba mchanga. Ndege wakaanza kuja: shore na makelele yao asubuhi, kitwitwi wa kutikisa mkia kwenye maji ya kunawia, na chozi, wale wadogo wanaong'aa kama shanga, wanaoingiza mdomo ndani ya ua na kunyonya. Watu wa Bujonde wakamwita Mama Maua. Wengine walimwita hivyo kwa upendo. Wengine walitaka kusema kwamba hana mtoto wa kuitwa kwa jina lake.

Prisca alikuwa jirani yake, mdogo kwake kwa miaka minane, mkulima wa mpunga, mwenye watoto watano na sauti ya kusikika mashamba matatu. Kwa miaka walisalimiana tu juu ya uzio. Kisha kitindamimba wake, Anyisile, alishikwa na homa siku ya Jumatano na kufa Ijumaa. Alikuwa na miaka minne. Jumamosi asubuhi Prisca mwenyewe alisimama kwenye uzio, kanga imefungwa kiunoni.

"Dada, naomba ua moja. La kuweka juu ya sanduku."

Tulinagwe aliingia na kisu, akakata kila ua lililokuwa limefunguka na mengi ambayo hayajafunguka. Alikata mpaka bustani ikabaki majani matupu, akayabeba yote kwenye ungo hadi msibani.

Wiki sita baadaye Prisca alikuja na jembe begani. Hakupiga hodi. Alianza kupalilia mwisho wa bustani, na Tulinagwe akaanza mwisho wa pili, wakakutana katikati. Tangu siku hiyo bustani ilikuwa ya wawili.

Kwa miaka ishirini na zaidi walikunywa chai pamoja kwenye kibaraza cha Tulinagwe, asubuhi baada ya kufagia. Ambilikile alifariki, na mume wa Prisca akafuata baada ya miaka minne. Chai iliendelea. Waligombana kuhusu ndege mmoja tu, mnana, yule wa manjano anayesuka viota. Mnana walijaa kwenye mchikichi wa Tulinagwe, na mpunga wa Prisca ulipoanza kukomaa walishuka juu yake kama mvua.

"Wewe unawafuga, mimi nawalisha," Prisca alilalamika.

"Si nikukatie mchikichi?"

"Nani kasema ukate? Nimesema wana adabu mbaya."

Mwezi wa pili mwaka 2022, Prisca alianguka shambani. Walimkuta amelala kwenye maji ya majaruba, mdomo umepinda. Hospitali walisema ni kiharusi. Alirudi nyumbani baada ya wiki tatu, upande wa kulia umekufa na maneno yote yamemtoka, isipokuwa moja. Alibaki na neno "ndaga", asante ya Kinyakyusa. Akiwa na njaa alisema ndaga. Akitaka kugeuzwa, ndaga. Akiwa na hasira alilirusha neno hilo kama jiwe.

Lusungu, binti yake aliyerudi nyumbani kumuuguza, alichanganyikiwa siku za kwanza. Tulinagwe alikaa kando ya kitanda na kusikiliza. Baada ya mwezi alikuwa akizitofautisha hizo ndaga, yeye peke yake. Iliyotolewa haraka ilikuwa maji. Ya kuvutwa ilikuwa maumivu. Na kulikuwa na moja fupi, nzito, ya chini kabisa, iliyorudiwa mara mbili: hiyo ilikuwa hapana. Prisca aliitumia kukataa dawa ya kikombe cheusi, na kukataa kuogeshwa na mtu mgeni.

Chumba cha Prisca kilikuwa na dirisha moja, likitazama uwanja mtupu na ukuta wa choo. Mara mbili walimbeba kwa toroli, mito pande zote, hadi kwenye bustani, na mara zote mbili alirudi akiwa amechoka hata kula kukamshinda. Kisha mvua za masika zilianza, na njia ikawa tope.

"Haendi tena kule," Lusungu alisema. "Atatufia njiani, mama."

Tulinagwe alitazama dirishani muda mrefu. Kesho yake alikuja na jembe.

Alikuwa na miaka sitini na minane. Alichimba mwaridi wa kwanza na udongo wake, akauweka kwenye gunia, akaliburuta gunia hadi chini ya dirisha la Prisca. Alifanya hivyo mwezi mzima, mche mmoja au miwili kwa siku, mvua ikimnyeshea mgongoni. Majirani walimwambia apumzike. Lusungu alimsaidia kuchimba mashimo. Miche mingine haikukubali kuhama, asumini yote ikakauka, na kwake Tulinagwe pakabaki mashimo yenye maji ndani ya uzio wa mianzi. Prisca alitazama kazi yote akiwa kitandani, ameegemea ukuta. Siku mwaridi wa zamani kuliko yote ulipofika, shina nene kama mkono, alilia.

Ndege hawakuja. Mwezi wa tano ulipita, wa sita ukapita. Tulinagwe alikuja kila asubuhi na chupa ya chai, wakakaa wakitazama majani. Alianza kuona aibu, kana kwamba alimwahidi mwenzake kitu ambacho hakikuwa chake kukitoa.

Mwezi wa nane maua mekundu yalifunguka. Asubuhi moja, wakati Lusungu akimnywesha mama yake uji, chozi mmoja alitua kwenye ua, karibu sana na nondo za dirisha, akanyonya, akajisafisha mdomo kwenye jani, akanyonya tena. Prisca aliushika mkono wa Tulinagwe kwa ule mkono wake mzima. Uji ulimchuruzika kidevuni na hakuna aliyeufuta mpaka ndege aliporuka.

Walipata miezi mitatu kama hiyo. Lusungu anasema mama yake alikuwa akiamka mapema na kugonga ukuta ili afunguliwe dirisha.

Dickson, mtoto wa kwanza wa Prisca, anafanya kazi Mbeya, dereva wa malori. Ni mtu mwema. Alikuja kila alipopata nafasi, na kila alipokuja aliumia kumwona mama yake vile vile. Mwezi wa kumi na moja alikuja na gari la kukodi. Alikuwa amepata nyumba karibu na hospitali kubwa, na mtu wa kumfanyisha mama mazoezi.

"Huku atabaki hivi hivi mpaka afe," aliwaambia ndugu waliokusanyika uwanjani. Wajomba wakakubali. Tulinagwe alikuwa amesimama nyuma yao, karibu na maua. Hakuna aliyemuuliza, na yeye si ndugu.

Walimtoa Prisca ndani kwenye godoro. Alipofika kwenye mlango wa gari, aliwatazama watu mmoja mmoja mpaka akampata Tulinagwe.

"Ndaga," alisema. "Ndaga."

Wanawake waliguswa. "Anatushukuru," mmoja alisema, akijifuta machozi. Dickson aliinama na kumbusu mama yake kichwani.

Ilikuwa ile fupi, ya chini, iliyorudiwa mara mbili.

Tulinagwe aliisikia. Alifungua mdomo. Aliwaona wajomba, akamwona Dickson aliyesafiri na gari la kukodi kwa ajili ya mama yake, akajiuliza yeye ni nani wa kumzuia mtu kwenda hospitali kwa sababu ya ndege. Akamshika Prisca mguu, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu, akasema, "Safiri salama, mdogo wangu." Mlango ukafungwa.

Prisca alifariki Mbeya mwezi wa nne, akaletwa kuzikwa Bujonde. Tulinagwe alikaa na wanawake wengine msibani, akapika, akaimba, akanyamaza. Watu walidhani ni majonzi ya kawaida.

Dickson alirudi mwezi wa saba kuweka msalaba juu ya kaburi. Baada ya sala alimfuata Tulinagwe kibarazani kwake. Alikaa akitazama ile bustani ya mashimo, iliyoota magugu.

"Mama, nimekuja kukushukuru. Lusungu ameniambia yote uliyofanya."

"Usinishukuru, mwanangu."

"Kwa nini?"

Akamwambia. Alimweleza lile neno, na jinsi lilivyokuwa na sauti zake, na ni sauti ipi iliyotoka siku ile kwenye mlango wa gari. Alisema taratibu, mikono imelala mapajani, bila kujitetea. Dickson alisikiliza mpaka mwisho.

"Kule alikuwa akilisema hivyo hivyo," alisema hatimaye. "Kila siku. Nilikuwa namjibu, karibu mama, karibu mama."

Alijifunika uso kwa mikono yote miwili. Ni mtu mzima wa miaka arobaini na mbili, mwenye mabega mapana, na kibaraza kilikuwa kikitikisika kwa kilio chake.

"Ungeniambia, mama," alisema baadaye. "Ungesema neno moja tu."

"Ningesema."

"Ningekusikiliza?"

Tulinagwe alifikiri. Angeweza kumpa jibu jepesi, nalo lingewasaidia wote wawili. "Sijui," alisema. "Sikukupa nafasi ya kunisikiliza."

Dickson alikaa mpaka saa tisa alasiri. Alikunywa chai, akaomba nyingine. Alimwambia achukue maua yake, kwani Lusungu ameondoka na nyumba ya mama yake anaipangisha kwa watu wa kakao na hajui kama wataipenda bustani. Tulinagwe alikataa. Alisema hana tena mgongo wa kuyaburuta, na kwamba aliyapanda pale kwa ajili ya mtu.

Wapangaji wameingia sasa. Wameacha waridi, wameng'oa mengine na kuweka turubai la kuanikia kakao. Wanawake wa Bujonde bado humwendea Tulinagwe kuomba miche, na yeye huwaambia waende pale dirishani wajichimbie wenyewe, wapige hodi kwanza. Yeye haendi. Asubuhi akishamaliza kufagia huingia ndani, na chai anainywa humo jikoni, amesimama.