Kosa Ambalo Baba Hakulisikia

Usiku kadhaa nilikosa usingizi kwa swali moja: nimwambie dada yangu, au nimwache na amani yake?

Baba alikuwa mwalimu wa Kurani hapa mtaani Kamwokya. Watoto ishirini wakisoma kwa pamoja, mmoja akikosea irabu moja tu, baba aligonga meza kwa kidole: "Rudi." Alikufa kwa saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka arobaini na sita. Kaka yake alikufa vivyo hivyo, akiwa kijana zaidi. Nyumbani tulisema tu "tumbo".

Miezi michache kabla baba hajafa, chuoni nilijibu swali la mtihani kuhusu jeni iitwayo POLD1. Seli ikigawanyika hunakili DNA yake yote, na jeni hiyo huzalisha kimeng'enya kinachonakili na kurudi nyuma kufuta kilichokosewa. Jeni yenyewe ikiwa na kasoro, makosa hubaki, na saratani ya utumbo huweza kumfuata mtoto kutoka kwa mzazi. Nilipata alama nzuri. Jioni ile nilimlisha baba uji wodini na sikuunganisha lolote. Mpaka leo sijui kama ni jeni hiyo. Hakuna aliyempima.

Kisha dada, anayeuza vitambaa katika soko la Kikuubo, akaniambia huku akikunja jora kwamba anaona damu chooni.

"Bawasiri tu. Nakaa sana."

"Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani. Usinitolee macho, profesa. Umekosa kazi, sasa unataka mimi niwe kazi yako?"

Nikacheka naye, nikaondoka. Siku kumi nilizunguka na jambo hilo. Nikimwambia, nitakuwa nimewagusa pia binti zake wawili. Nitakuwa nimejigusa mimi. Hapo nikajichukia: nilichokiogopa ni jibu la kipimo changu mwenyewe, na yeye alikuwa anatoka damu.

Nilirudi dukani nikamweleza yote. Aliliweka jora mapajani.

"Na wewe je?"

"Kama ni jeni hiyo, nusu kwa nusu. Kila mmoja wetu."

"Basi tangulia wewe."

Kesho yake asubuhi tulikaa kwenye benchi la kliniki. Nesi akafungua mlango wa daktari, akatuita bwana na bibi kwa Kiganda. "Ssebo, nyabo, nani anaanza?"

Dada alikuwa ameushika mkoba wake kwa mikono miwili. Sikuwa na tumaini lolote la kumpa. Nikasimama, nikaingia.