Petroli Safi ya Mjomba

Mjomba wangu aliwahi kuendesha malori ya jeshi kabla hatujakimbilia Zaire, na kwa sababu hiyo aliamini hakuna injini duniani isiyomheshimu. Pikipiki ya baba haikumheshimu. Hilo lilinifurahisha. Nilikuwa msichana wa sinia tatu, yaani kidato cha tatu, mwenye haya hata ya kumwomba jirani chumvi, lakini dharau nilikuwa nayo ya kugawia mtaa mzima.

Pikipiki yenyewe ilikuwa kichekesho. Baba aliipata kwa padri mzungu aliyekuwa akirudi kwao, mtu aliyependa kupanda nayo juu ya mawe, polepole kama kinyonga, bila kuweka mguu chini. Ilitengenezwa kwa mchezo huo tu: nyembamba, imeinuka juu, tangi dogo kama kibuyu, kiti kama ulimi wa mbuzi. Watoto wa Oli, mtaa wetu wa Arua, walimwuliza baba nusu yake nyingine inakuja lini. Lakini tangu turudi baba hakuwa na kazi, na ofisi ya mifugo ilitafuta mchanjaji wa ng'ombe wa upande wa Koboko, ambako ndiko kwao baba. Sharti lilikuwa afike Koboko Jumatatu kabla ya saa nne asubuhi, na chombo chake mwenyewe cha kusafiria. Akichelewa, kulikuwa na mwingine nyuma yake katika orodha.

Tatizo ni kwamba haikutembea. Yaani iliwaka, ikanguruma chini chini, lakini ikionyeshwa mlima ilikohoa na kukata pumzi. Alhamisi mjomba alikuja na mfuko wa spana, akakaa juu ya kigoda, akatangaza: "Kabureta." Akaifungua, akaipuliza kwa mdomo, akaifunga. Mlimani ikakohoa. Ijumaa akaipuliza tena, asubuhi na mchana. Mtu anayepuliza kitu kilekile mara tatu si fundi, ni mpiga tarumbeta. Niliandika hivyo katika daftari langu na nikajiona hodari.

Kusema kweli nilijua zaidi yake. Padri alituachia kijitabu cha Kiingereza, na mwalimu wetu wa fizikia alikuwa ametuchorea ubaoni injini ya namna hiyo. Haina oili yake imekaa chini kama ya lori. Oili inachanganywa katika petroli yenyewe, zinaingia pamoja, na hiyo ndiyo inayolainisha pistoni. Ndiyo sababu inatoa moshi. Baba alikuwa amenipa kijitabu akasema, "Fanya vile kitabu inasema," kwa hiyo mimi ndiye niliyepima oili kwa kikombe nyuma ya jiko, na hakuna aliyeniuliza ninafanya nini. Kijitabu kilisema pia kuwa moshi unaacha masizi, na masizi yakijaa katika ekzosi injini haiwezi kupumua.

Jumamosi, mjomba alipokwenda kula, nilifungua ekzosi. Nilisukuma kijiti cha ufagio ndani, kikakwama. Nikaiweka katika moto wa mama, kando ya chungu cha maharage, mpaka ikawa nyekundu, kisha nikaigonga kwenye jiwe. Masizi yalimwagika vipande vipande, kama ukoko wa uji. Mama aliuliza kama leo tunakula lami. Nikairudisha mahali pake, nikaenda kukaa mbali.

Mjomba alirudi akichokonoa meno, akapiga kiki. Pikipiki ikaruka kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Aliipandisha mlimani, akarudi akiwa amenyoosha mgongo.

"Mimi nasema nini?" akamwambia baba. "Kabureta."

"Shemeji, wewe iko fundi kweli."

Nilifikiri watu wawili wazima wanaostahiliana namna ile si vizuri kuwatenganisha.

Sasa kilichomkera mjomba ni moshi. Siku zile petroli ilivuka mpaka katika madumu, na wauzaji waliitia mafuta ya taa au dizeli. Kwa hiyo kila mtu Arua alijua kuipima. Unadondosha tone katika kiganja, unapuliza. Petroli safi inakauka na kuacha baridi tu. Iliyochezewa inaacha utelezi. Watu walishikana mashati sokoni kwa ajili ya utelezi huo. Mjomba alidondosha petroli ya tangini, akapuliza, akasugua, akamshikisha baba mkono.

"Ona. Iko na mafuta ndani. Ile mutu nakuibia, shemeji."

"Kweli, nateleza."

"Moshi natoka hapo. Mwaga yote. Mimi nitaleta petroli ya Hajji wa kule chini. Ile safi, unaweza kunawa uso."

Baba akanigeukia. "Wewe ndiyo naweka petroli. Ulinunua wapi?"

Maneno yote yalikuwa tayari mdomoni, hata kwa mpangilio. "Kwa yule wa siku zote," nikasema, nikitazama vidole vyangu vya miguu.

"Mutoto ya shule," mjomba akasema. "Kitabu najua, petroli hapana jua."

Wakacheka, baba pia. Basi nikasema moyoni, haya, mwageni. Nilitaka injini ife palepale uani, mbele ya majirani, mjomba akiwa juu yake. Habari ya Jumatatu niliifikiria kidogo, nikaiacha.

Wakaimwaga, wakajaza ile ya Hajji, na injini haikufa. Oili ya zamani ilikuwa bado imebaki katika vyuma. Jumapili mjomba alizunguka Oli nzima bila moshi, akipunga mkono kama mgeni wa serikali. Jumatatu alfajiri baba alinifungia gunia juu ya bango la kuzuia matope la nyuma nipate pa kukaa, maana alitaka nimsomee fomu za ofisi, tukaenda.

Tulikuwa tumepita Maracha, tunapanda, niliposikia chuma kinalia kwa sauti nyembamba. Nguvu ikapungua. Gurudumu la nyuma likakwama ghafla, tukalala sote wawili katika vumbi jekundu. Hatukuumia. Baba aliinua pikipiki, akakanyaga kiki. Haikushuka hata kidogo.

"Kabureta," akasema.

"Si kabureta, baba. Pistoni imeshika. Hakuna oili."

"Oili ilienda wapi?"

"Mliimwaga. Ule utelezi ndiyo oili. Mimi niliiweka, kitabu kilisema."

Akatazama jua. Tulingoja injini ipoe. Nilikimbia hadi kwenye mashine ya kusaga tuliyokuwa tumeipita, mwenyewe akanijazia oili katika chupa ya soda. Nikachanganya. Baba alikanyaga kiki taratibu, mara nyingi, mpaka ikaanza kushuka. Ikawaka, ikilia ndani kama kopo lenye kokoto, na moshi wake wote.

Tulifika Koboko saa saba. Mkubwa alikuwa ameshaondoka. Karani, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni, hakuinuka. "Mzee, wanasema saa nne. Mwenzako alifika saa mbili, karatasi nachukua." Huyo mwenzake baba alikuja kwa baiskeli. Tuliiona imeegemezwa ukutani, kuku wawili wamefungwa nyuma, gurudumu moja halina breki. Baba alimshukuru karani. Sijui alimshukuru kwa lipi.

Nje hakupiga kiki. Alisimama ameshika usukani.

"Ungesema tu," akaniambia.

"Mngenisikia?"

Alilipima swali langu kwa haki, hilo siwezi kumnyima.

"Hapana," akasema. "Lakini ungesema."

Kisha akaanza kuisukuma pikipiki kuelekea kwa ndugu zake, nami nikaisukuma kwa nyuma, na safari hii nilikosa mtu wa kumdharau zaidi yangu.