Baba alimwambia mtani wake tu kuhusu tezi dume

Wakuu, habari za mchana. Haya niliyaona mwenyewe, sina sababu ya kuongeza chumvi.

Jana nimesoma kwamba watafiti wanachunguza seli za kinga kwenye damu, wale askari wa mwili, waone zinavyoitikia saratani ya tezi dume ikiwa bado changa. Yaani damu iseme kabla mwenyewe hajasema. Nikamkumbuka baba.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini tulikuwa Chunyu, Ruangwa. Nilikuwa nimeshaoa, nalima korosho na baba.

Baba alikuwa haishi kwenda nyuma ya nyumba, na akifika huko anasimama weee. Kwa mama hasemi, kwetu ndiyo kabisa. Mambo ya chini ya mkanda, mwanaume wa kwetu alikuwa anamwambia mtani wake tu.

Wa baba alikuwa Mzee Chitanda wa Marambo. Ukoo wao na wetu wanataniana tangu enzi za mababu, na mtani hakasirikiwi.

Siku moja amekuja kututembelea, nikamsikia baba: "Mwenzangu, mkojo unanikatalia."

"Kisima kimekauka hicho," Mzee akajibu. "Huyo mkeo nipe mimi."

Wakacheka wote wawili. Baba naye alicheka, na hapo ndipo panaponiuma. Hakulisema tena.

Baadaye mgongo ukaanza, tukasingizia jembe. Tulipomfikisha hospitali Nachingwea, daktari akasema ni saratani ya tezi dume na imeshaingia mifupani. Tulirudi na maiti.

Msibani kwetu watani ndio wenye shughuli. Wanachimba kaburi, wanamwigiza marehemu ili wafiwa wacheke kidogo. Mzee Chitanda akavaa koti la baba. Akaenda nyuma ya nyumba, akasimama, akarudi, akaenda tena. Watu mbavu hawana.

Mama akasema kutoka ndani, taratibu tu, "Ndiyo iliyomuua hiyo, shemeji."

Mzee akavua koti, akalikunja, akaliweka mkekani. Tangu siku ile hakututania tena mpaka anakufa. Alikuwa akija anatuamkia kwa heshima kama mgeni, na mimi nilitamani hata anitukane.

Wanaume wenzangu, hicho kipimo cha seli za kinga sijui kitatufikia lini, lakini vilivyopo nendeni mkapime. Na mzee akikutajia choo kwa utani, cheka naye, halafu mpeleke hospitali.

Kwenu huko, mzee akiumwa sehemu hizo anamwambia nani?