Zamu ya Mama Munir Kufungua Kinywa

Miaka ile mitumba iliporuhusiwa na kila mwenye nguvu akawa mfanyabiashara, Bushiri wa Chang'ombe alijulikana Dodoma nzima kwa sauti yake. Alipanda juu ya stuli, akainua shati, akalisifia mpaka aliyetumwa chumvi akarudi nyumbani na koti. Kisha kiangazi kimoja sauti ikaanza kukwaruza, na tangawizi haikufua dafu.

Aliyekosa raha ni mkewe, Sikudhani. Kaka yake alikufa kwa saratani ya koo, na aligundulika wakati hata maji hayapiti.

"Baba Munir, twende ukapimwe."

"Nipimwe wapi? Vipimo hivyo viko Dar es Salaam. Halafu ugonjwa ukiuita kwa jina, unaitika."

Sikudhani hakubishana. Alijitanda kanga, akaenda kuuliza. Zahanati moja ikampa dawa ya kikohozi. Duka jipya la dawa likampa vidonge vya kumung'unya. Hatimaye jirani yao Ruthu, Mgogo wa Zuzu aliyekuwa akifua mashuka hospitalini, akamwambia, "Dada, mbona mnahangaika hivyo? Daktari wa meno anaangalia vinywa na makoo kila Alhamisi, hapa hapa mjini. Hata kama jino haliumi."

Bushiri akakubali kwa shingo upande. "Lakini nikikaa mimi kwenye kile kiti cha daktari, na wewe utakaa." Hofu ilimjaa, na hakutaka kuwa nayo peke yake.

Daktari Gaudence alikuwa kijana mpole. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Usinipe habari mbaya."

Daktari akammulika kwa tochi, akatumia kioo kidogo kutazama kooni, akampapasa shingo. "Koo limechoka kwa kelele, mzee. Pumzisha sauti, unywe maji, kisha urudi nikutazame tena."

Bushiri alicheka mpaka akakohoa. "Haya, zamu ya mama Munir!"

"Mimi nimemsindikiza tu," alisema Sikudhani, akivuta kanga mdomoni.

"Tuliahidiana."

Akakaa. Daktari akamwinua ulimi, na tochi ikatulia pale pale muda mrefu.

"Mama, unatafuna tambuu?"

"Tangu nilipokuwa mwari."

"Na tumbaku ndani yake? Hapa pembeni pa ulimi hapakuwashi ukila pilipili?"

Sikudhani alimtazama mumewe kabla ya kujibu. "Panawasha."

Hapo ndipo Bushiri alipokumbuka kwamba tangu mwezi wa Ramadhani mchuzi wa nyumbani haukuwa na pilipili. Yeye alidhani anahurumiwa koo lake. Kumbe mwenzake alikuwa akila na maumivu, akahangaika kumtafutia yeye daktari.

Kikakatwa kinyama kidogo, kikapelekwa Dar es Salaam kupimwa. Jibu lilikuwa saratani, ila ilikuwa bado changa. Wakapanda treni kwenda huko huko Dar es Salaam, Sikudhani akakatwa ukingo wa ulimi. Bushiri alimpozea uji, akamnywesha kwa kijiko, naye ambaye hakuwahi kushika mwiko akajifunza kuukoroga usiwe na madonge.

Waliporudi, Sikudhani aliona haya. Maneno yalimponyoka yakiwa yamepinda, kwa hiyo wageni aliwajibu kwa kichwa na mikono. Bushiri alikuwa bado anapumzisha sauti. Jioni walikaa uani, mmoja kimya kwa agizo la daktari, mwingine kimya kwa aibu, wakichambua mchele kwenye ungo mmoja.

Jioni moja, bila kuinua macho, Sikudhani akamwita mumewe kwa jina lake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu waoane. "Bushili."

"Labeka."

"Umesikia lilivyotoka?"

"Nimesikia. Niite tena."

Akamwita tena, na tena, mpaka wote wawili wakacheka, na mchele ukamwagika.

Tangu siku hiyo Sikudhani hakujificha tena. Tambuu aliiacha, na kila alipokwenda kuangaliwa aliondoka na mwanamke mwingine wa mtaa. Shoga yake Mishi ndiye aliyegoma, akisema yeye haumwi popote. Sikudhani alimfuata kwake, akamkalisha barazani penye mwanga, akafungua kinywa chake mwenyewe, akainua ulimi, akamwonyesha palipokatwa.

"Na mimi sikuwa naumwa sana," alisema.

Mishi akatazama. Kisha akaingia ndani kutafuta viatu.