Fila Yangu na Kiberiti cha Mzee Bukuru

Niseme tu, ingawa bado inaniuma: Landrova iliyozima barabarani Buzebazeba na bibi yangu ndani niliiharibu mimi, na hasira niliyonayo mpaka leo, nusu yake najikasirikia mwenyewe.

Bibi alikuwa anarudi hija. Baba mdogo akataka apokewe uwanja wa ndege kwa Landrova ya marehemu babu, inayotengenezwa na mtu mmoja tu, Mzee Bukuru, fundi wa Buzebazeba. Siku moja kabla nikamkuta anarekebisha platini, vile vidole viwili vya chuma vinavyofunguka na kufunga ili plagi zipate moto, na mwanya wake anaupima kwa kipande cha boksi la kiberiti.

“Shikamoo mzee. Huo mwanya ni kiasi gani?”

“Marahaba. Kumi na tano.”

“Kumi na tano ya nini?”

“Ya platini.”

Mafundi wenzake wakacheka. Nilichukia (nina shahada, jamani), nikarudi nyumbani Ujiji na hiyo Landrova, nikamsimulia baba mdogo habari ya kiberiti, kisha nikatoa fila yangu, vile vibati vyembamba vilivyoandikwa unene wake, nikatafuta cha 0.15, kikapwaya, nikasema mzee kakosea, nikaubana mwanya mpaka kibati kikagusa pande zote mbili. Hakuna aliyenituma.

Kesho yake tukampakia bibi vizuri, ila kuanzia mjini watu wa dufu walitembea mbele yetu na sisi nyuma polepole, injini ikachemka, ikakohoa, ikazima mbele ya gereji ya Mzee Bukuru kabisa.

“Ndege imenipeleka Jeddah na kunirudisha haijazima,” bibi akasema, “nimekuja kuzimikiwa Buzebazeba.”

Watu wakaangua kicheko. Baba mdogo akashuka amevimba.

“Bukuru, mtu mzima unapima gari kwa kiberiti?” (Maneno yangu hayo, neno kwa neno.)

Mzee akafungua distribyuta, akachungulia. “Hii platini imeguswa.”

“Usitufanye watoto. Gari hili huligusi tena, na wote wenye magari hapa wamesikia. Kafungashe vifaa vyako.”

Walikuwepo wateja wake watatu. Mmoja akaanza kutazama gari lake lililokuwa juu ya jeki. Mzee alisimama na bisibisi mkononi, na mimi niliyezoea kuuliza kila mtu kila kitu nikawa natazama viatu vyangu.

Mwishowe nikasema, “Nimeigusa mimi, kwa fila yangu.”

Mzee akaiomba, nikaitoa mfukoni, akaisogeza mbali na macho, akasoma.

“Hii ya milimita. Kumi na tano yangu ni ya inchi: gawa inchi mara elfu, chukua kumi na tano. Umebana zaidi ya nusu.”

“Sasa mbona jana hukuniambia?”

“Jana uliniuliza, au ulikuwa unanipima?”

Akaweka kiberiti chake, akakaza skrubu, gari likawaka mara moja. Baba mdogo akasema tu, “Haya twende, bibi kachoka,” akapanda bila hata samahani, na mpaka leo anawaambia watu ilikuwa petroli chafu. Kila nikiisikia hiyo petroli damu inanichemka.

Mimi nilirudi kesho yake kuomba radhi. Nikaapa sitagusa tena kazi ya mtu kabla sijamwelewa, na nikikosea nitasema palepale, kabla mzee wa watu hajaambiwa mbele ya wateja wake akafungashe vifaa.