Leso Iliyofuta Ubao

Nikisikia mtu akimwambia mama mzazi "mwache tu, atazoea," damu hunichemka. Nimeishi na neno hilo tangu nilipokuwa na miaka sita, na sijalisamehe.

Wakati ule mkoloni alipotangaza hali ya hatari, mama alikuwa akichuma maua ya pareto kwenye shamba la Mzungu, juu ya Ndabibi. Baba alikuwa ameambiwa na askari apande lori akaulizwe maswali machache, na lori halikumrudisha. Kwa hiyo mama nilimganda kama kupe. Akienda chooni, nilisimama mlangoni.

Wachumaji wa pareto walikuwa na desturi yao. Mama akitaka kwenda mistari ya mbali, alimlaza mtoto ukingoni mwa shamba, juu ya leso aliyombebea. Mwanamke hakurudi nyumbani bila leso yake, kwa hiyo hata watoto wachanga tulijua tutachukuliwa. Siku ya kwanza ya shule mama alinifunga leso yake nyekundu kiunoni. "Nitakuja kuichukua," akasema, akakimbilia kazini kabla nyapara hajamaliza kuita majina. Nilikaa kimya kabisa. Leso ilikuwa kwangu, basi la kuogopa halikuwapo.

Mwalimu alikuwa mgeni, kijana wa soksi ndefu aliyejiona kama DC. Alikuwa ameagiza kila mtoto alete kitambaa cha kufutia ubao, na agizo hilo mama hakulisikia. Akaniangalia kiunoni.

"Umeleta kitambaa ya ubao? Kazi nzuri."

Akaifungua leso, akairarua vipande viwili mbele yangu, akafuta ubaoni hesabu za darasa kubwa. Nilimuuma mkono. Ningekuwa na meno zaidi ningemuuma zaidi. Alinichapa mpaka nikajikojolea, watoto wakacheka, nami nikawachukia wote, mmoja mmoja. Lakini fimbo haikuniuma kama jambo lililokuwa likinizunguka kichwani: leso imekwisha, na mama hana tena cha kurudia.

Alikuja jioni, mikono ikinuka pareto. Mwalimu akamwonyesha alama za meno yangu. Mama akaviona vile vipande juu ya meza, vimejaa chaki. Alivitambua, nilimwona akivitambua. Nikangoja awake. Mwanamke huyu aliwahi kumtukana nyapara hadharani kwa sababu ya sufuria.

"Mpige tu, mwalimu," akasema. "Huyu ni mtoto wako sasa."

Kisha akaniinamisha kichwa kwa mkono wake mwenyewe, ili niombe msamaha. Njiani akaniambia kwamba nikifukuzwa pale nitachuma pareto mpaka nizeeke. Alisema kweli, na kweli yake sikuitaka. Nilitaka akasirike kwa ajili yangu, hata kidogo, hata kwa jicho tu.

Asubuhi iliyofuata aliniacha mlangoni bila kitu chochote. Sikulia. Sikugeuka kumtazama. Mwalimu, bandeji mkononi, akamwita kwa furaha. "Umeona, mama? Amezoea."

Mama akacheka, akamshukuru, akaenda zake na moyo mweupe.

Jioni alikuja mbio, akaninyooshea mkono. Nilimpita pale mlangoni, nikaenda nyumbani peke yangu.