Kelele Walizotuandalia

Dada aliyeandaa shughuli ile alikuja mwenyewe nyumbani kwetu Igogo kutualika. Alimwamkia mama shikamoo kwa heshima zote, akakaa, akanywa chai, kisha akasema kutakuwa na siku ya kuwaelimisha watu kuhusu usonji, kwenye ukumbi mmoja Kirumba, na wangependa nizungumze.

"Mimi mwenyewe?" nikamuuliza.

"Wewe mwenyewe, dada. Watu wamechoka kutusikia sisi wataalamu."

Nikakubali. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, fundi cherehani, na nina usonji. Neno hilo nilipewa na daktari nikiwa mtu mzima tayari. Kabla ya hapo nilikuwa na majina mengine. Shuleni niliitwa mwenye kiburi, kwa sababu mwalimu aliponisemesha nilitazama tai yake badala ya macho yake, akawa ananichapa ili nijifunze kumtazama. Sikujifunza. Kanisani walinishika wanawake wazima, wakanikemea pepo masikioni mpaka nikatapika, na walipoona matapishi wakapiga vigelegele kwamba pepo ametoka. Mama, Mlutheri wa kuzaliwa huko Kagera, mtu asiyependa makuu, aliwapangua wale wanawake kama anayepita kwenye migomba, akanitoa nje. Tulihama kanisa.

Kwa hiyo dada yule nilimwomba jambo moja tu: pasiwe na muziki mkubwa. Nilimweleza kwamba kwangu kelele si usumbufu, ni maumivu. Inaingia nyuma ya macho na kukaa huko, na nikishafika hapo siwezi kuzungumza hata nikitaka.

"Usiwe na wasiwasi kabisa," akasema. "Hii ni siku yenu."

Nilijiandaa wiki nzima. Jioni mama akichambua maharage mimi nasema, yeye ananiambia wapi nimekimbia sana.

Siku yenyewe tulianza kusikia muziki tukiwa bado barabarani. Mama alinitazama. Ndani walikuwa wameweka spika ndefu kuliko mtu, huku na huku ya jukwaa, na viti vya mbele, vilivyopambwa kwa vitambaa, vilikuwa vyetu. Chini ya spika! Watu wenye usonji wote, wakubwa kwa wadogo, walikuwa wamepangwa pale kama maua ya meza kuu. Kijana mmoja mwenye mwili mkubwa alikuwa anajipiga ngumi kwenye paji la uso huku dada wawili wakimrekodi kwa simu. Kando yangu mtoto wa kike alikuwa amejilaza sakafuni chini ya kiti, ameziba masikio. Mama yake, mkulima kutoka Kisesa, alikuwa amepiga magoti akimfunika kwa kitenge. Akaja mhudumu.

"Mama, mwinue mtoto. Mgeni rasmi anaingia."

"Hawezi," yule mama akajibu. "Zimeni kwanza muziki."

Mhudumu akacheka, akapita.

Mama yangu akamfuata dada mwandaaji pembeni ya jukwaa. Nilisikia jibu kwa sababu ilibidi apige kelele: "Mama, mgeni rasmi hawezi kuingia kimya kimya kama yuko msibani!"

Mgeni akaingia, muziki ukazidishwa. Akahutubia. Alisema sisi ni malaika wadogo tulioletwa kufundisha jamii upendo. Nyuma yangu alikaa mwanamume mwenye ndevu za mvi, mwenye usonji kama mimi, nikamsikia akisema polepole, "Malaika wadogo," kama mtu anayeonja chakula kilichochacha. Watu wakapiga makofi. Kila makofi yalipoanza, fundi mitambo alirusha muziki juu yake.

Halafu mshereheshaji akashuka na maiki, akampa mama. "Sasa tumsikie mzazi! Mama, tueleze changamoto za kumlea mtoto huyu."

"Aliyealikwa kuzungumza ni yeye," mama akasema.

"Kwani anaongea?"

"Muulize."

Mshereheshaji akainama mpaka uso wake ukawa karibu na wangu, akavuta maneno kama anayembembeleza mtoto mchanga. "Unaitwa naaani?"

Ukumbi ukacheka. Wengine walisema "jamani" kwa sauti ile ya kuona kitu cha kupendeza. Muziki ukarushwa tena. Yale niliyoyaandaa wiki nzima yalikwishaondoka kichwani. Kilichobaki kilikuwa hasira, na hasira ile ilikuwa safi, haina woga ndani yake. Nikasimama. Nikafuata waya wa spika ukutani hadi kwenye soketi, nikauchomoa.

Ilikuwa kama kutolewa kichwa kwenye maji. Nikasikia feni. Nikasikia malori ya dagaa yakipiga honi nje kuelekea soko la samaki la Mwaloni. Mtoto wa Kisesa akatoa kichwa kwenye kitenge, akatazama huku na huku.

Nikazungumza bila maiki. "Mtoto huyu amelala sakafuni tangu tufike, na hakuna hata mmoja wenu aliyejiuliza kwa nini. Niliwaomba jambo moja. Mmeshindwa hilo moja, halafu mnatuambia mnatupenda. Sisi si malaika. Mimi nashona nguo, nalipa kodi ya nyumba, na naumwa kichwa kwa sababu yenu."

Sikumaliza. Fundi mitambo alinikamata mkono, akanivuta kwa nguvu.

"Mwachie," mama akasema, na sijawahi kumsikia akitumia sauti ile, hata siku ya kanisani. "Nimesema mwachie."

Akaniachia, akachomeka waya. Muziki ukarudi. Dada mwandaaji alitukimbilia mlangoni, macho yamemjaa machozi. "Mmetuaibisha! Wafadhili wako hapa!" Hakuuliza mkono wangu una nini. Ulivimba mpaka kesho yake.

Tulipotoka, mama wa Kisesa naye alitoka amembeba binti yake mgongoni. Akafuata yule mzee wa ndevu, peke yake. Tukasimama kwenye kivuli cha ukuta tukinusa samaki. Kwa muda mrefu hakuna aliyesema kitu, na hakuna aliyetuona wa ajabu kwa kunyamaza.

Video ilisambaa. Mteja wangu mmoja aliniletea simu yake akicheka, nisome kichwa cha habari: mgonjwa avuruga shughuli. Nikamkunjia kitambaa chake ambacho sikuwa nimekikata, nikamwambia atafute fundi mwingine.

Sasa sisi tuliotoka ukumbini siku ile tunakutana Jumamosi kwangu, cherehani imezimwa, anayetaka kuzungumza anazungumza, asiyetaka anakaa. Siku moja mama wa Kisesa akatuambia kwamba shule iliyo karibu na kwake imekataa kumpokea binti yake. Tukaenda. Mwalimu mkuu akasema wazazi wengine watalalamika. Tukarudi tena, na tena, mimi, yule mzee, mama yangu, mama wa Kisesa na binti yake, tukawa tunakaa kwenye benchi nje ya ofisi yake kuanzia asubuhi, kimya, tukimsubiri. Walimu walianza kutuamkia kama wafanyakazi wenzao.

Mwishowe mwalimu mkuu akachoka. "Haya, aje. Tutamvumilia."

Mama wa Kisesa akapiga magoti pale pale sakafuni, "Asante, mwalimu, asante sana, Mungu akubariki."

Nikamshika bega. "Inuka, dada. Hii ni shule ya serikali. Unamshukuru kwa kipi? Na wewe mwalimu, huyu hatavumiliwa, atafundishwa."

Mwalimu mkuu akanitazama kama mwalimu wangu wa zamani alivyonitazama. Safari hii fimbo hana.

Njiani mama wa Kisesa alikuwa amenuna. "Ungempokonya mtoto wangu nafasi kwa mdomo wako," akaniambia. "Mimi ndiye nitakayemleta hapa kila siku. Wewe unarudi zako Igogo."

Alikuwa na haki ya kuogopa, na mimi nilikuwa na haki ya kusema, na aliyetufikisha mahali ambapo haki hizo mbili zinagombana alikuwa amebaki ofisini kwake, anakunywa chai. Binti alitangulia mbele yetu akipitisha vidole kwenye uzio wa minyaa, tawi kwa tawi, na hakuna aliyemwambia aache.